Nilimuambia ni Dawa ya Watoto

Ndugu wasomaji, minye, mimi mwenyewe, ndiye nilifanya. Naanza na hapo ili nisije nikazunguka-zunguka nikijitafutia sababu, kama nilivyozoea. Kuna mutoto alikufa kule Kilibula, mujini Uvira, na watu wote wa avenue ile wanasema aliuliwa na maji ya mama yake. Si kweli. Maji ya mama yake ilikuwa safi kuliko roho yangu.

Jina yangu siandike. Ya mutoto nayo siandike, juu ni jina moja. Alipobatizwa, minye nilikuwa mama yake wa ubatizo, wakamupa jina yangu, na tangu siku ile nilikuwa namuita "majina". Alikuwa na mwaka moja na miezi kidogo, meno sita, na tabia ya kukamata sikio ya muntu akitaka kubebwa. Yoo, acha niendelee. Nikisimama hapa sitamaliza.

Minye ni muuguzi. Nafanya kazi mu nyumba ndogo ya matibabu kule juu Rurambo, kwa wafugaji, pahali gari haifike kila siku. Mugonjwa akija anahara maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, tunajua ni kitu gani tunaogopa, lakini kujua kwa macho haitoshe. Lazima tuchukue choo kidogo, tuitie mu kichupa, tuitume chini Uvira ku labo, ipimwe. Wao ndio waseme ni kolera ao si kolera.

Na kutuma kuko na sheria. Walitufundisha siku mbili nzima. Aliyetufundisha alikuwa mzee moja wa labo, muntu wa sauti ya pole pole, akatuambia kichupa kinavaa nguo tatu kama mutoto wa milimani. Ya kwanza ni kichupa chenyewe, kifuniko kikazwe mpaka mwisho, kisha ukizungushie pamba nyingi ili kikimwaga, pamba inywe yote. Ya pili ni mukebe wa plastiki wa kifuniko cha kuzungusha, usiotoa hata tone. Ya tatu ni boksi ngumu ya inje, na barafu inakaa hapo, inje ya mukebe, pamoja na karatasi ya mugonjwa. Juu ya boksi unabandika etiketi kubwa ya alama ya hatari na namba ya simu. Usitie kitu ingine chochote mule ndani. Na mwenye kubeba, umuambie ni nini anabeba.

Niliandika yote mu daftari. Hata nilipiga mustari chini yake.

Siku za kwanza nilifuata, siwadanganye. Lakini etiketi ile ilinitesa! Motard moja, muntu wa pikipiki ya kubeba watu, aliiona akiwa amekwisha kuondoka, akafika ku kona ya kwanza, akashusha boksi mu majani, akaenda zake. Wachunga ng'ombe ndio waliniletea, wameining'iniza ku fimbo ndefu, moja mbele, mwingine nyuma. Motard mwingine walimusimamisha ku barrière, pahali askari wanazuia njia, akakaa juani mpaka saa nane, kila muntu anasogea, anasoma, anarudi nyuma. Ikafika pahali nikitokea tu na boksi, motard wanawasha moto zao, pikipiki zile, wanaondoka. Basi nikachukua wembe, nikakwangua etiketi. Nikajiona niko na akili mingi.

Na ile mikebe? Wamama, mnaijua mikebe ya namna ile. Haiingize unyevu, haiingize sisimizi. Moja nilitia chumvi. Ingine sukari. Ingine jirani aliisifia, nikamupa. Nilisema labo wataleta zingine, na siku zikapita hawakuleta, na minye sikuuliza juu ningeulizwa zile za kwanza zilienda wapi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Walileta mzee moja ku tipoyi, machela ya kubebwa ku mabega, macho imeingia ndani, ngozi ya mukono ukiivuta inabaki imesimama. Nilimuwekea serumu ya maji mu mushipa, nikachukua choo. Natafuta mukebe, hakuna. Pamba ilibaki pakiti moja, nikaihurumia kwa ajili ya vidonda. Nikatia kichupa mu ganti ya mukono, nikafunga fundo kama karanga za kuuza, nikakilaza mu boksi kati ya barafu. Nikajiambia ni saa tatu tu za njia, kitafika.

Aliyebeba siku ile alikuwa Byamungu. Ni mutoto wa mama mudogo yangu, motard, na ndiye baba ya majina yangu. Alikuwa ameleta muntu Rurambo akapita kunisalimia na utani wake wa kila siku, ati nitazeeka kule juu na ng'ombe bila bwana. Nikacheka. Akaona boksi, akaniuliza ndani iko nini.

"Ni dawa ya watoto," nikamuambia. "Chanjo, inarudishwa Uvira. Angalia isipigwe na jua."

Alifurahi, masikini! Akasema leo moto yake imekuwa ya serikali, asalimiwe njia yote. Akafunga boksi nyuma na mpira, taratibu, kama muntu anafunga mayai.

Nikamupa pia maziwa ya mutoto. Kila akipanda nilikuwa namutumia majina yangu maziwa ya Rurambo, nimechemusha minye mwenyewe, nimeipoza, nimeitia mu chupa. Kifuniko ya chupa ilipotea zamani, nikaiziba na gunzi la muhindi kama wanavyoziba kule. Tena nikamuambia Byamungu akimbize, maziwa isije ikachacha na jua. Akasema ndiyo, yaya, vile anavyoniita minye dada yake mukubwa. Akashuka.

Kesho yake asubuhi labo wakanipigia simu. Ni yule mzee mwenyewe. Kichupa kilifika kifuniko kimetoka, ganti imepasuka, maji yote iko chini ya boksi, hakuna cha kupima. Akaniuliza mukebe uko wapi. Akaniuliza etiketi iko wapi. Minye nikamujibu motard alianguka njiani.

Hata hakuanguka! Nilimusingizia ndugu yangu bila kupepesa macho. Mzee akasema nichukue choo ingine, na mara hii nifunge vizuri.

Mchana wa siku ile ile Byamungu akanipigia. Mutoto anahara tangu asubuhi, anatapika, hataki ziwa la mama. Nikamuambia amukimbize ku kituo cha kolera sasa hivi, na alimukimbiza. Lakini mutoto wa mwaka moja maji inamuishia haraka. Wauguzi walitafuta mushipa ku mukono, ku muguu, ku kichwa. Nilishuka na moto ya kwanza niliyoipata, na nilipofika, Dorika, mama yake, alikuwa amekaa inje ku simenti, amemupakata, amemufunika kitenge mpaka uso. Alinitazama tu. Nikajua.

Ku kilio, wamama walijaa ku mikeka. Mama mudogo yangu, mama mukwe wa Dorika, akaanza: ati bibi huyu ni mvivu, anateka maji mu ziwa, anamupa mutoto. Dorika akajibu kwa sauti ya chini kwamba hateke mu ziwa, na anachemusha hata maji ya kuosha vikombe. Hakuna aliyemusikiliza. Wakanigeukia minye, muganga wa familia, wakaniuliza kolera inatokaka wapi. Nikajibu vile iko mu daftari, kwamba mara nyingi inatoka mu maji. Basi, ikaisha. Neno yangu ikawa hukumu ya Dorika.

Naapa, saa ile nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa nalia kama wengine. Ndipo Byamungu akaja akakaa karibu yangu, macho nyekundu, akaniegemea bega kama tulivyokuwa tukifanya tukiwa wadogo.

"Hata maziwa yako aliikunywa yote, yaya," akasema. "Ilifika baridi kabisa. Niliilaza mule mu boksi yako, kati ya barafu, nikaitoa ku mulango wa labo. Nilisema dawa ya watoto na maziwa ya mutoto, acha zisafiri pamoja."

Ee Mungu wangu! Niliona barafu inayeyuka, na maji ya kile kichupa inatembea chini ya boksi, na gunzi la muhindi linalowa. Ningemuambia ukweli, angeifunga ile boksi mbali na mwili wake, na maziwa angeitia mu koti. Aliamini neno moja la dada yake, na kwa neno hilo akamubebea mutoto wake kifo akiwa anaimba njiani.

Nilipaswa kusimama pale pale. Wote walikuwa hapo, mama mukwe, majirani, Dorika. Nilifungua kinywa nikasema, "Pole, ndugu yangu." Pole! Na nikafunga kinywa.

Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu nimeitembea miezi saba. Yule mzee wa tipoyi alipona, na niliona uchungu kumuona anatembea, Mungu anisamehe. Choo yake ya pili nilitembea nayo mwenyewe mpaka labo, nguo zote tatu, mukebe ule wa sukari nimeumwaga na kuuosha, wakasema ni kolera. Lakini siku zile tulizozipoteza, watu wa kwake waliendelea kunywa mu kijito kile kile, na wengine saba waliletwa ku tipoyi ile ile.

Dorika je? Matanga ilipoisha walimuambia aende kwao apumzike. Kupumzika ilikuwa ni jina tu. Nguo zake zilimufuata nyuma mu gunia. Kwao ni chini ku tambarare ya Ruzizi, ni wakulima wa mpunga. Byamungu hakumufuata, alianza kunywa kanyanga, akilewa anamutukana bibi yake ku njia, ati alimuulia mutoto na uchafu. Na mama mudogo yangu akiulizwa anajibu, "Hata muganga wetu alisema ni maji." Nilikuwa nasikia hiyo, nanyamaza, nakula chakula yao.

Mwezi uliopita nikashindwa. Nilienda kwa Dorika. Nilimukuta mu mpunga, matope ku magoti, amekonda mpaka sikumutambua mara moja. Tukakaa ku ukingo wa mufereji, nikamuambia yote, wembe, mikebe iliyo na chumvi mu jikoni yangu, ganti, uongo, maziwa mu boksi. Nilingojea anipige. Ningependa anipige.

Alinawa mikono mu mufereji, akaikausha ku kitenge, kidole kwa kidole.

"Alipomaliza kikombe alilia anataka ingine," akasema. "Nilisema hii imechemushwa na yaya, haina shida. Nikamuongeza. Nilimupa vikombe viwili."

Nililia mpaka nikashika majani. Yeye hakulia. Alikaa tu anatazama maji inapita, na nafikiri mu miezi hiyo yote alikuwa amekwisha kulia yake yote, kwa kosa isiyo yake. Nilimuomba musamaha. Hakunipa, na hakuninyima.

"Wale wamama wa ku mikeka," akasema, "weye ndiye uliwaambia ni maji. Rudi uwaambie. Uanze na mama mukwe wangu, umalize na Byamungu."

Nilimujibu ndiyo. Na hii ndiyo aibu yangu ya leo: mwezi mzima umepita. Nimeshuka Uvira mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mpaka ku kona ya avenue yao, nikaona mama mudogo anafagia, nikageuka. Mara ya pili sikufika hata ku kona. Mukubwa wangu wa kazi nimekwisha kumuandikia, kama watanifukuza, wanifukuze, wako na haki. Lakini barua ni rahisi. Hata hii ninayowaandikia ninyi ni rahisi, juu hamunione uso. Naiandika ili kinywa changu kijifunze maneno. Jumapili, misa ikitoka, wamama wale wanakusanyika kwa mama mudogo kwa sala. Nitaingia, nitasema na jina yangu na yote, kisha nitaenda kumutafuta Byamungu pahali anapokunywa, na atakachonifanya, anifanye.

Wauguzi wenzangu, ninyi munaofunga vichupa ku milima na ku visiwa, munisikilize. Msiseme "ni saa tatu tu." Pamba musiihurumie. Mikebe ile si ya jikoni, iache palipo pake! Motard akiogopa etiketi akakataa, mwache aende, woga huo ni haki yake, utatafuta mwingine ao utatembea na miguu yako kama nilivyokuja kutembea nikiwa nimechelewa. Minye nilifikiri alama ile imewekwa ili kufukuza watu. Kumbe ilikuwa inamuambia ndugu yangu, usitie chakula ya mutoto wako hapa, na minye nikaikwangua na wembe.

Muambieni mwenye kubeba ni nini anabeba. Naye iko na mutoto anayemungojea ku mulango.