Ua Lililofichwa Jua

Fundi cherehani alimjua adui wa rangi: jua. Miaka thelathini alikunja vitambaa vya wateja na kuvitia kabatini, maana chekundu kikisahauliwa dirishani mwezi mmoja hugeuka rangi ya tofali kuukuu. Basi mkewe alipokwenda kumuuguza binti yao aliyejifungua, akamwachia ua lake la chunguni, majani mekundu, ya manjano na ya zambarau, fundi alifanya alivyozoea. Aliliondoa dirishani, akalisukuma nyuma ya kabati na kulifunika shuka mchana kutwa.

"Nikirudi nilikute lilivyo," mkewe alikuwa amemwambia mlangoni. "Marehemu mama alinipa tawi lake siku ya harusi yetu. Sina kingine chake."

"Nenda kwa amani, mama watoto. Nitalitunza kama mboni ya jicho."

Mwezi wa pili majani ya chini yakaanza kudondoka. Yaliyochipuka juu yalikuwa kijani kitupu. Akaongeza maji; yakadondoka mengine. Zilipobaki wiki tatu mkewe arudi, alikikumbatia chungu hadi kwa muuza miche, mtaa wa pili.

"Nipe jingine linalofanana na hili," akanong'ona kama mwizi.

Muuza miche, mama mnene mwenye udongo kuchani, akachungulia. "Ulilifungia wapi, fundi?"

"Gizani. Lisichujuke."

Mama yule akacheka hadi akakalia ndoo. "Kwani hii suruali? Kitambaa hupakwa rangi, baba. Hili hujipaka lenyewe, na rangi yake inatoka juani! Lirudishe dirishani, na maji ulipe udongo ukikauka tu. Jingine sikuuzii. Mkeo atalijua, na wewe utashindwa kumtazama usoni."

Dirisha lilikuwa moja, na tangu aliondoe ua, cherehani na kabati vilikuwa vimeijaza nafasi yote hapo. Fundi akaivuta cherehani hadi kwenye pembe yenye giza, akawa anashona chini ya taa hafifu, akijidunga vidole.

"Fundi, mfuko huu mbona umepanda hivi?" mteja mmoja aliuliza.

"Unakimbia wezi."

Mkewe aliporudi, alisimama mbele ya dirisha, mizigo ingali mikononi. Majani yalikuwa machache, ya kijani. Fundi hakuinua macho.

"Nimeliharibu, mama watoto. Nililificha jua nikidhani nalihifadhi."

Mkewe aliinama, akaligeuza jani changa la juu kabisa. Katikati yake ulipita mshipa mwekundu, mwembamba kama uzi. Akaushika kwa ncha ya kidole, muda mrefu. Kisha akatazama vidole vya mumewe, vimejaa matundu, na cherehani kule pembeni.

"Siku zote hizi unashonea hapo?"

"Dirisha ni moja."

Akatua mizigo, akavuta kigoda karibu na cherehani. "Mume wangu, mjinga wewe," akasema taratibu. "Lete sindano nikutungie uzi. Kesho tutalisogeza kabati. Dirisha hilo linawatosha nyote wawili, wewe na ua."