Mpishi wa Mafungo Anataka Kusali

Jumamosi nilikuwa kwenye ofisi ya parokia yetu, huku Kisauni, nikisubiri kujiandikisha kwa mafungo, siku tatu za sala na ukimya. Mbele yangu alisimama mama anayetupikia kila mwaka. Alikuwa akijipangusa mikono kwa leso, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mwaka huu niandike na mimi," alimwambia katekista.

"Wewe mama si huwa uko siku zote?"

"Huwa niko jikoni. Nataka kukaa ndani, nisali."

Katekista alitabasamu. "Sasa ukikaa ndani, mama, sisi tutakula nini? Zaburi?"

Sote kwenye foleni tulicheka. Yeye hakucheka.

"Miaka tisa sijasikia fundisho hata moja. Nawasikia mkiimba tu, nami nakoroga maharagwe. Hata kwenye matanga ya mume wangu, mwezi wa tatu, niliwapikia nyinyi. Mpaka leo sijapata nafasi ya kumlilia."

Nilikula kwenye matanga yale, nikaongezewa. Na mwaka jana, mwisho wa mafungo, ni mimi niliyesimama kutoa shukrani, nikasema siku tatu za ukimya zimeniponya roho. Nilimshukuru padre, nikawashukuru wanakwaya. Wa jikoni sikumtaja.

Katekista aliandika jina lake polepole, kisha akatugeukia sisi wanaume tuliobaki. "Haya, nani atapika?"

Tulitazama sakafu. Kimya kilichotushukia pale sijawahi kukipata kwenye mafungo yoyote.

Nimeandikwa jikoni. Ndugu mtakaokuja, njooni mmeshiba.