Tunakwenda kwa Nani?

Mama yangu hajapata kufunga mzigo wa kwenda mahali ambapo hakuna mtu anayemngoja. Nimelijua hilo tangu utoto, lakini sikulifikiria mpaka mwaka tulipokata shauri kwenda Salala, kusini ya Oman, kwa karavani, mapumziko ya kwanza ya maisha yetu.

Karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ya kukokotwa na gari, niliinunua Sib, kwa bwana mmoja aliyekuwa ameitelekeza uani kwake mpaka kuku wakaifanya banda. Niliikokota kwa gari langu hadi kwetu Al Amerat, nikapanda nayo mlima taratibu huku magari ya nyuma yakinipigia honi, na kila honi niliipokea kama pongezi. Nikaiegesha mbele ya nyumba. Ijumaa baada ya Ijumaa niliiosha, nikaziba nyufa, nikabadilisha mbao za sakafu, nikaipaka rangi nyeupe na mstari wa kijani ubavuni. Mke wangu akaishonea mapazia ya kanga. Binti yetu akajichagulia kitanda cha juu na kuandika jina lake ubaoni kwa penseli, akidhani sitaona.

Mimi sikusoma zaidi ya sekondari, na kazi yangu imekuwa usukani. Nimeendesha malori ya saruji na mabomba katika njia hiyo hiyo ya kusini. Nimefanya kazi Dubai, nikajaribu Dar es Salaam, nikakaa Unguja mpaka nikachoka, nikarudi. Mama ana maneno yake juu yangu, na hupenda kuyasema mbele ya wageni: "Huyu ameondoka mara nyingi kuliko alivyorudi." Na kila nilipoondoka, aliyenifungia begi ni yeye. Alikunja mashati yangu kama ya mtoto wa skuli, akachomeka mfuko wa visheti pembeni, kisha akabaki mlangoni ameshika kitasa mpaka gari lipinde.

Ndiyo maana safari hii nilitaka nimpakie yeye. Nilitaka yeye ndiye apande, na mimi ndiye nimuulize kama amechukua dawa zake. Bila ya hilo, karavani ile kwangu ingebaki banda la kuku lililopakwa rangi.

Nilipomwambia, aliweka kikombe chini akauliza, "Tunakwenda kwa nani?"

Nikamweleza kwamba tunakwenda kuona kharifu, ile mvua ya rasharasha inayoigeuza milima ya Salala kuwa kijani wakati sisi huku Maskati tunaungua.

"Mvua nnaijua," akasema. "Nnauliza tunafikia kwa nani."

"Hatufikii kwa mtu, mama. Tunalala ndani ya karavani."

Alifikiri kidogo, kisha akasema, bila ya hasira yoyote, basi twende sisi na yeye atabaki kutuangalizia nyumba. Kwake mazungumzo yakawa yamekwisha.

Sikumlaumu. Kwetu sisi, Waomani wenye asili ya Unguja, safari siku zote ilikuwa huko. Nakumbuka nikiwa mdogo sebule yetu ilivyogeuka duka wiki nzima kabla ya kuondoka: maziwa ya unga, udi, sabuni, vitambaa vya mabuibui, makopo ya halwa yaliyofungwa kwa taulo yasivuje. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Nguo zetu sisi zilikuwa za kuziba mianya tu. Na tulipofika, utamu wa safari ulikuwa pale pale uwanja wa ndege, kwenye lile kundi la shangazi na binamu waliotungoja tangu asubuhi, tukalia na kucheka pamoja kabla hata hatujachukua mizigo. Waliokuwa wakitungoja wamekwenda mmoja mmoja. Dada yake mkubwa alipofariki, mama hakwenda tena. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akanijibu, "Nani atanifungulia mlango?"

Mke wangu alijaribu kwa njia yake. Yeye ni wa Tabora, alikuja Oman msichana, na mama hajaacha kumtania kwa ubara wake.

"Nyinyi watu wa bara mshazoea treni," mama akamwambia. "Kwenu kulala njiani si kitu."

"Kweli mama," mke wangu akajibu, "na kwenye treni tulikuwa tunakula vizuri. Huko Salala tutakula nini usipokuja? Mwanao atatupikia saruji."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa mtandio. Lakini hakusema atakuja.

Cha ajabu ni kwamba hakuacha kutusaidia kupakia. Alikuwa akipita na mito, na masufuria, na mfuko wa mchele, akiuliza hiki kinakwenda wapi na kile kinakwenda wapi, kama alivyonifungia begi miaka yote. Mimi kupakia ndiyo elimu yangu. Nilimfundisha binti yangu kwamba vizito hukaa katikati, chini, juu ya ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu. Vyepesi hukaa juu. Na nyuma ya tela usiweke kitu kizito hata ukibembelezwa, maana tela lililolemewa nyuma huanza kupiga mkia barabarani, likiyumba kushoto na kulia, na likishapiga mkia hulirudishi kwa breki. Alisikiliza kwa makini, akarudia yote bila ya kukosea, nami nikajiona nina shahada.

Basi siku mbili tatu kabla ya kuondoka niliizungusha karavani mtaani kuijaribu. Nilipoongeza mwendo kidogo ikaanza kupiga mkia. Nikarudi nyumbani nimeaibika mbele ya mwanafunzi wangu, nikafungua kila kabati, sikuona kosa. Kisha nikainua godoro la kitanda cha nyuma kabisa.

Chini yake palikuwa na makopo ya halwa, si moja si mawili. Palikuwa na chupa za marashi zilizofungwa kwa magazeti, vipande vya kitambaa, sabuni za kunukia, magauni ya watoto wachanga yakiwa bado na karatasi za dukani. Kila sehemu ya mzigo wa Unguja ilikuwepo isipokuwa wenyewe.

Mke wangu alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Mimi nilikwenda jikoni kumuuliza mama zile zawadi za nani. Hakugeuka kutoka kwenye sufuria yake.

"Mnakwenda mji wa watu mikono mitupu?" akasema. "Nani aliyewalea nyinyi?"

Nikamwambia hatuna mtu kule. Akaniambia nitakuwa naye nikifika. Nikamwambia uzito ule utatuua njiani. Hapo akafunika sufuria, na mimi nikajuta nilivyosema. Nilirudi nje nikaviacha vitu vyote pale pale chini ya godoro. Sikuwa na moyo wa kuvitoa.

Jioni hiyo nilitandaza turubai la kivuli, lile linalovutwa kutoka ubavuni mwa karavani na kusimamishwa kwa nguzo, nione kama halijatoboka. Mtaani petu huwezi kutandaza kitu watu wasije. Alikuja kwanza jirani wa kushoto, bwana mtu mzima, akapiga mateke matairi na kuyasifu. Wakaja watoto. Kisha akaja mkewe jirani, mama wa Kiomani wa bara ya ndani, akasimama chini ya turubai akisema kwa Kiarabu kwamba yeye ameziona nyumba hizi barabarani tu, hajapata kuona ndani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Nilimwona akiingia ndani, nikadhani amechoka. Akatoka na sinia, dele la kahawa na vikombe, na tende zimefunikwa kwa kitambaa. Binti akatandika mkeka chini ya turubai bila ya kuambiwa. Mama akammiminia jirani, akamwacha anywe, akamwongezea. Kisha akaukamata mkono wa yule mama na kumpandisha ngazi ya karavani.

Mimi nilikuwa nafunga kamba upande wa pili, kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mama akimwonyesha jiko, na sinki, na namna meza inavyogeuka kitanda, akifungua kila kabati kama mwenye nyumba. Akamwomba radhi kwamba si pakubwa. Akamwambia mapazia kashona mke wa mwanawe. Halafu akagonga ukuta kwa kiganja, nikausikia mgongo wangu ukitetemeka, maana nilikuwa nimeuegemea ukuta huo huo, akasema kwa Kiarabu chake cha polepole: "Hii ilikuwa banda la kuku. Yote kaifanya mwanangu kwa mkono wake."

Nimesifiwa kazini, na wakati mmoja nilipewa hata cheti. Hakuna sifa iliyonifika kama hiyo, ambayo hata haikusemwa kwangu.

Asubuhi nilipotoka niliona vitu vimepangwa kwenye ngazi ya karavani: marashi, vitambaa, magauni ya watoto. Mama alikuwa ndani, mikono ya nguo imekunjwa. Alikuwa amebakisha halwa tu, na mahali pa vile vingine ameweka dele, vikombe vyetu vyote vya kahawa, sinia mbili na chetezo cha udi.

"Vyombo hivi vizito," akaniambia. "Uzito wako unakaa wapi?"

Nikamwonyesha kabati la katikati, juu ya ekseli. Akavipanga mwenyewe pamoja na halwa, akavitia vitambaa katikati visigongane, akatikisa kabati kuhakikisha. Akafunga mlango wa kabati, akautazama ule upande wa mbele, gari lilipokuwa limesimama.

"Na mimi nnakaa wapi?"

Nilimjibu kwamba anakaa mbele na mimi, na mke wangu hana neno. Nikatoka haraka kwenda kupima hewa ya matairi. Nilipomaliza nilirudi nikamuuliza kama amechukua dawa zake. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Leo ushakuwa mama yangu?" Lakini alikwenda kuzichukua, na nikamfungia begi lake mimi. Alilifungua akazikunja nguo upya.

Tuliondoka alfajiri. Njia ya Haima naijua. Ni jangwa tambarare, na katika lori nilikuwa nikiipita nikihesabu vituo vilivyobaki. Safari hii karavani ilinifuata imetulia kama mtoto aliyeshikwa mkono, na kila nikitazama kioo niliuona mstari wangu wa kijani. Mama hakulala hata kidogo. Kila lori lililotupita alilisalimia kwa kichwa, kwa kuwa kila dereva kwake alikuwa ni mimi wa zamani.

Kituo cha mafuta cha Haima kilikuwa kimejaa familia zinazokwenda kusini. Tulisimama kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, nikafungua turubai. Mama alikuwa akimwambia binti yangu kwa Kiswahili alete mkeka, na bibi mmoja aliyekuwa akitoka kutia udhu akasikia, akasimama. Alikuwa na lafudhi ya Pemba. Walisalimiana kama watu wanavyosalimiana wakikutana jangwani na lugha yao, wakaulizana ukoo na mitaa, kisha yule bibi akauliza lile swali ambalo mtu wa kwetu yeyote angeuliza.

"Sasa huko Salala mnakwenda kwa nani?"

Nilikuwa nimeinama kwenye kiungo cha tela. Niliacha nilichokuwa nikifanya.

"Hatwendi kwa mtu," mama akasema. "Tumechukua nyumba yetu. Hii hapa, ya mwanangu." Akafungua mlango wa karavani mpaka mwisho, akasogea pembeni. "Karibu ndani, halwa ipo."

Bibi yule akavua viatu kwenye ngazi, kama afanyavyo mtu anapoingia katika nyumba ya watu.