Pipa la Wageni

Mimi sina ugomvi na mtu anayeninyima kitu chake. Chake ni chake. Ugomvi wangu ni na mtu anayeninyima huku amenishika mkono, ananiuliza nimeamkaje.

Shuleni kwetu, upande wa Ruangwa, walimu wa kike tulikuwa wawili tu: mimi na mwenzangu aliyenitangulia kuajiriwa. Tangu nilipofika aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada. Chumba cha kupanga alinitafutia yeye. Nikaona nimepata ndugu.

Masika moja choo cha walimu kilititia, likabaki shimo limezungushiwa miiba. Wanaume hawakujali, mikorosho iko nyuma ya shule, wakawa wanazunguka huko. Sisi tukabaki na choo cha wanafunzi, ambacho mlango wake ni gunia. Na watoto wetu wana adabu, tumewafundisha wenyewe. Mtoto akikuona unaingia anasimama nje ya gunia: "Shikamoo, mwalimu." Utafanyaje? Umechuchumaa, unaitikia, "Marahaba." Anakuja mwingine. Mara darasa zima la pili limepanga mstari, linakuamkia, na wewe unaitikia kutoka humo humo. Yalinikuta mara moja, nikasema sirudi tena.

"Dawa ya hili jambo ni kutokunywa kitu mpaka jioni ukifika nyumbani," dada aliniambia. "Mimi ndivyo ninavyofanya. Utazoea."

Nikafanya. Asubuhi nusu kikombe cha chai, basi. Jua la msimu wa korosho unalijua, na vumbi la chaki kooni. Midomo ilipasuka, kichwa kikawa kinagonga, mkojo wa jioni ukawa na rangi ya chai iliyolala. Dada yeye alifundisha sauti juu, ngozi laini, hana habari. Nikajilaumu kwamba mimi ndiye goigoi.

Mwalimu wa afya pale shuleni nilikuwa mimi. Nyuma ya ofisi kuna choo kidogo cha wageni, chenye vigae na mlango wa kufuli, kilichojengwa kwa ajili ya wakaguzi na wakubwa wa wilaya, ambao huja kwa nadra kama mvua ya Agosti. Ufunguo nilijua uko kwa mwalimu mkuu. Pembeni ya mlango kuna pipa, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watoto wanalijaza kila Jumatatu, mgeni asije akaadhirika. Lakini ikifika Ijumaa pipa liko nusu.

"Hilo linavuja," dada aliniambia.

Nikaamini. Nikachukua sabuni ya mche, nikapiga magoti, nikaisugua kwenye mshono wote wa chini, vile tunavyoziba ndoo nyumbani. Ijumaa, nusu tena. Nikaongeza sabuni. Dada alisimama kando yangu, akanionyesha na mahali nilipoparuka.

Mwishowe nilianguka darasani nimeshika ubavu. Tulipanda bodaboda mshikaki kwenda hospitali ya Mnero, dada amenikumbatia kwa nyuma nisidondoke. Nikawekewa dripu. Daktari akasema figo imeshambuliwa kwa sababu ya kukaa na kiu na kubana mkojo. Ninywe maji kutwa nzima, kidogo kidogo, mpaka mkojo uwe mweupe, na nikisikia haja niende. Nikirudi tena kwake katika hali ile, hawezi kuniahidi kwamba figo itapona. Dada alikuwa pembeni ya kitanda na bakuli la uji aliloniletea. Alilia. Machozi ya kweli, niliyaona.

Siku niliyorudi kazini nilikwenda na chupa yangu. Nilikunywa kama nilivyoagizwa, na kabla ya mapumziko ya saa nne sikuwa na hali. Choo cha wanafunzi kilikuwa na foleni. Nikazunguka nyuma ya ofisi kutafuta hata kichaka. Mlango wa choo cha wageni ukafunguka, akatoka dada na kopo mkononi. Akafunga kufuli, akaufundika ufunguo kwenye pindo la khanga yake, pindo ambalo siku zote nilidhani limefunga ufunguo wa kabati la chaki.

Akageuka, akaniona.

"Mkuu alinipa niwe nasafisha," alisema. "Alisema nikimwambia mtu anauchukua. Ningefanyaje, mdogo wangu?"

Nilimwambia. Ungeninong'oneza. Ungeniazima, mimi kunyamaza najua. Na kama yote hayo yalikushinda, usingenifundisha kukaa na kiu ukaniambia na wewe unakaa nayo. Nasikia sauti yangu ilifika mpaka darasa la saba. Na ifike.

Akalifungua pindo, akanipa ufunguo. "Chukua. Tutatumia wote."

Nilitamani kuutupa mikoroshoni. Lakini mwili hauna majivuno, na ubavu ulikuwa umeanza kuvuta. Nikaupokea. Ndani kulikuwa safi, kumetulia, hakuna wa kuniamkia. Nilikaa humo nikalia kwa hasira mpaka kengele ikagongwa.

Nilipotoka alikuwa bado yupo, ameegemea pipa.

"Dada, hili pipa limewahi kuvuja?"

Akaangalia chini, kwenye sabuni yangu iliyokauka ikapasukapasuka.

"Hapana," akasema.

Mchana ule nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamweleza habari za figo. Hakubisha hata kidogo. Alisema tuchonge ufunguo wa pili, akaendelea kula mhogo wake. Kama aliwahi kumtisha mtu kuhusu ufunguo ule, mimi sijui, na sikumuuliza.

Siku hizi nakunywa maji yangu bila wasiwasi, na figo ipo. Ufunguo wa dada ningeweza kuusamehe, maana woga ni woga. Yale magoti yangu kwenye tope, huku ananionyesha pa kuongeza sabuni, hayo bado sijayaweza. Kila saa nne bado ananipitia mezani kwangu na kuniuliza, kwa sauti ile ile ya upole, "Mdogo wangu, umekunywa maji?"

"Nimekunywa, mwalimu," namjibu.