Kinga, Kamba, Moto, Dawa

Mama yangu hayupo tena, kwa hiyo naweza kusema bila kuzunguka mbuyu. Dada yangu aliniaga aende kuchukua dawa yake ya pumu, nami nikamwambia asubiri, kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Na msinitafutie udhuru wa utoto. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, nina kazi na ufunguo wa ofisi mfukoni.

Tulikulia Nachingwea miaka ya tisini, watoto wa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Singida. Mama aliususa ugali wa muhogo mwaka mzima wa kwanza, halafu akaupenda kuliko wenyeji. Basi kila Jumamosi yalitwangwa makopa, muhogo uliokaushwa, nyumbani kwetu, na watwangaji tulikuwa wawili tu, mimi na dada, kinu kimoja, michi miwili. Wavulana wa jirani walipita wakiniuliza naolewa lini. Niliwarushia maganda ya muhogo na matusi juu yake. Hasira zangu hazikuanza jana.

Kutwanga wawili hakutaki nguvu nyingi, kunataka mpangilio. Mchi wako unapanda wakati wa mwenzako unashuka. Ukiwahi, mnagongana. Mimi niliwahi siku zote, na siku moja nikavigonga vidole vya dada hadi ukucha mmoja ukang'oka. Ulipoota tena uliota umepinda, ukabaki hivyo maisha yake yote. Hakunipiga, ingawa alinizidi miaka mitano na mkono alikuwa nao. Alinyonya kidole, akaniangalia, akasema, "Haraka za nini we kichwa maji? Subiri zamu yako."

Ndipo akanifundisha kuhesabu kwa pumzi. Kila mchi wake ukishuka alitoa "heh", nami nilishusha wangu katikati ya heh na heh. Kwa hiyo niliijua pumzi yake kuliko nilivyojua dini. Vumbi la makopa lilimsumbua kifua, na kabla hajasema lolote niliisikia filimbi ndogo ndani ya ile heh. Nikiisikia naweka mchi chini, namkimbilia mama. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua la kufanya.

Miaka ikaenda. Dada akawa mwalimu wa sekondari Ruangwa, mimi nikawa fundi wa kompyuta katika ofisi ya mradi mmoja wa wakulima palepale Nachingwea. Ofisi ilikuwa na dishi la intaneti juu ya bati. Ruangwa nako kulikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta tatu na dishi lake, na Jumamosi asubuhi mlinzi alimfungulia dada. Mlinzi huyo alikuwa mzee wa Kimwera, Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni, anakaa mlangoni anasuka ukili wa mikeka.

Mchezo tuliachiwa na kijana wa kizungu aliyekuja kujitolea, akamaliza muda wake akarudi kwao. Akaunti zilikuwa mbili, yake na ya mchumba wake, zimelipiwa mpaka mwisho wa mwaka, na neno la siri la zote mbili alinipa mimi. Ulikuwa mchezo wa mashujaa. Kila mchezaji anajiundia shujaa wake, anamvika joho, anampa nguvu zake, halafu watu wa dunia nzima mnakutana humo katika mji wa maghorofa mkipigana na majitu. Shujaa wangu alirusha moto, tena aina mbili, mdogo na mkubwa. Wa dada alikuwa na kinga ya kutufunika wote wawili, kamba ya kulifunga jitu miguu, na dawa ya kutibu. Dada, mwalimu wa Hisabati anayeogopwa na kidato cha nne kizima, alimvika shujaa wake joho la rangi ya waridi. Nilimcheka mwezi mzima.

Siri ya mchezo ule iko kwenye mpangilio. Kila nguvu ukishaitumia inalala, nyingine kidogo, nyingine muda mrefu, na huwezi kuiamsha kabla ya wakati wake. Ukizitumia zote kwa pamoja unabaki mikono mitupu jitu likikutwanga. Ukizibania, zinakaa macho bure. Hodari ni yule anayejua ipi ianze na ipi ifuate, ili kila moja inapolala nyingine iwe inaamka.

Wenzetu wa huko nje walicheza kwa macho. Sisi intaneti yetu ilikuwa ya kukokotwa. Ukibonyeza leo Nachingwea, shujaa anainua mkono baada ya hesabu ya tatu. Ukisubiri uone pigo la jitu ndipo ubonyeze kinga, umeshakufa. Tulikufa Jumamosi nyingi sana, nami nilipiga meza, nililaani dishi, nikalaani mpaka mikorosho iliyolizunguka. Dada ndiye aliyeandika siku moja pale kwenye sehemu ya maandishi chini ya kioo: "Acha kutazama. Twanga."

Nikamwelewa papo hapo. Tulianza pamoja kwa neno moja, kila mtu akahesabu michi moyoni, yeye Ruangwa mimi Nachingwea. Mchi wa kwanza kinga. Wa tatu kamba. Wa tano moto mdogo, wa saba moto mkubwa. Wa tisa dawa, halafu tunaanza upya. Hatukuangalia kioo wala nini. Na loo, tuliwapiga! Wazungu walikuwa wanatuandikia kutuuliza tunatumia mtambo gani.

Tulibishana jambo moja tu, dawa. Yeye alitaka iwe ya kwanza. Mimi nilisema dawa ni akiba, mtu hatibiwi kabla hajaumia, na ndiyo inayolala muda mrefu kuliko zote, kwa hiyo iwe ya mwisho. Akaandika, "Mdogo wangu, inayolala sana ndiyo ilazwe mapema." Nikakataa. Niliandika mpangilio wangu kwenye karatasi nikaubandika kando ya kioo, na dada, kama kawaida yake kwangu, akaniachia.

Sasa hiyo Jumamosi. Ulikuwa msimu wa salfa. Wakulima wanapulizia mikorosho alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, na unga ule wa njano unakwenda na upepo unapotaka, unaingia madarasani, unaingia kwenye chai. Mikorosho ya Ruangwa ilifika mpaka dirishani pa kile chumba cha kompyuta. Nilijua. Nimekulia kwenye mikorosho mimi, nilijua msimu ule unamfanya nini.

Tulikuwa na jitu moja la chuma lililotushinda miezi miwili. Siku hiyo tulilipata. Mstari wa uhai wake ulikuwa umebaki upana wa kidole. Na jitu lile, mmoja wenu akiondoka hata kidogo, linajijaza uhai upya na mnaanza moja.

Dada akaandika, "Kifua kimeanza."

Nikaandika, "Kinga."

Akabonyeza kinga. Halafu akaandika, "Dawa nimeiacha nyumbani. Naenda mara moja narudi."

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, dakika tano kwa mguu. Nilimwandikia, "Subiri zamu yako. Raundi moja tu imebaki."

Hazikuwa moja. Nilijua ni nne, pengine tano. Nilimdanganya dada yangu.

Akaandika, "Haya."

Na alitwanga! Sijawahi kumwona yuko sawasawa vile. Kinga kwenye wa kwanza, kamba kwenye wa tatu, dawa kwenye wa tisa, anarudi tena, hapotezi hata mchi mmoja. Nilifurahi, jamani. Nilikuwa nacheka peke yangu ofisini kama mwendawazimu. Kama tungekuwa kwenye kinu ningeisikia ile filimbi tangu raundi ya kwanza na ningetupa mchi. Lakini nilikuwa namsikia wapi? Nilichokuwa nacho ni shujaa mwenye joho la waridi, na shujaa hana mapafu.

Raundi ya nne kinga haikuja. Nikahesabu mpaka wa tatu, kamba nayo haikuja. Shujaa wake alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia. Jitu likaniua. Kisha likamgeukia yeye, naye hakuinua hata kidole.

Niliandika, "Umenitupa. Mwoga mkubwa we." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwandikia dada yangu, na liko pale, sikuweza kulifuta.

Simu yangu ikaita, namba yake. Nikajua anataka kuomba msamaha. Nikaigeuza kifudifudi mezani nikasema moyoni, na ajue leo. Ikaita mara tatu. Baadaye ukaja ujumbe kutoka namba hiyohiyo, umeandikwa na mtu mwingine: njoo Ruangwa, dada yako hali yake si nzuri. Nilikodi pikipiki. Nilimfokea dereva njia nzima, maskini, kana kwamba mashimo amechimba yeye. Nilipofika hospitali walikuwa wamekwisha kumfunika shuka. Ule mkono wenye ukucha uliopinda ulikuwa nje ya shuka, nikaurudisha ndani.

Tulimzika Nachingwea. Watu walisema ni salfa, wengine wakasema kazi ya Mungu, na mimi nilisema nao.

Sikulala vizuri tena. Nikilala namsikia akisema heh, nasubiri nyingine, haiji. Wiki ya tatu sikuvumilia. Nikaenda ofisini Jumamosi asubuhi, nikawasha kompyuta mbili bega kwa bega, moja nikafungua shujaa wangu, ya pili nikafungua wake. Alitokea palepale alipoanguka, amesimama, joho linapepea. Nikataka kukimbia. Badala yake nikaweka mkono wa kulia kwangu na wa kushoto kwake, nikaanza kutwanga peke yangu.

Nilishindwa mara mbili. Mara ya tatu mkono wa kushoto ulibonyeza dawa kwenye mchi wa kwanza. Sijui kwa nini. Mimi natumia mkono wa kulia, wa kushoto hata kijiko unakidondosha. Sikuuzuia. Nikaona dawa ikilala mapema, na kwa kuwa imelala mapema ikaamka kabla raundi haijaisha, nikaitumia tena. Dawa mara mbili kwa raundi. Jitu la chuma lililotushinda miezi miwili lilianguka kabla jasho halijanitoka. Kwenye vioo vyote viwili yakaja maandishi ya pongezi, na shujaa wa dada akaruka juu akipunga mkono, maana ndivyo walivyotengenezwa, wakishinda wanapunga.

Alikuwa sahihi. Kwa mpangilio wake tungekuwa tumelimaliza Jumamosi nyingi nyuma, na siku ile ya salfa angekuwa nyumbani kwake anafua. Nilizima umeme wa ofisi nzima kwenye swichi kubwa. Sikuwahi kumfungua tena, na mwaka ulipoisha akaunti zikafungwa zenyewe.

Arobaini ya dada ilipofika, yule mlinzi alikuja kutoka Ruangwa kwa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga jogoo mwekundu. Alisalimia, akatoa pole kwa mama, akala pilau pamoja na watu. Halafu akauliza, "Mdogo wake marehemu yuko wapi? Yule wa kiume." Mama akanionyesha kwa kidole.

Mzee akaja, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa ukili. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kusimama njiani kwamba siku ile aliona mabega ya mwalimu yanapanda na kushuka. Akamwambia toka nje upate hewa. Mwalimu hakugeuka, macho kwenye kompyuta, vidole vinabonyeza, akasema, "Siwezi, babu. Nikitoka mdogo wangu atakufa."

"Nikakimbia mimi nyumbani kwake kufuata dawa," mzee akasema. "Mlango kafunga. Ufunguo anao yeye. Narudi, kalala mezani." Akanitazama usoni, akanipapasa bega kama mtu anayekagua kama nimeiva. "Mimi nilibaki kule mlangoni, sikujua habari zako. Lakini umepona, Alhamdulillahi. Kazi yake haijapotea. Jogoo huyu ni wako, unywe supu, urudishe nguvu."

Nikasema, "Nimepona, babu."

Mama alikuwa nyuma yangu na sinia mkononi. Alimwongezea mgeni pilau. Jioni watu walipotawanyika aliipika supu ile, akanimiminia bakuli, akakaa mbele yangu kwenye kigoda kunitazama nikinywa.

"Siku ile ulikuwa unaumwa nini, mwanangu?" akaniuliza. "Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia homa.