Maneno ya Kumwita Mtu Mwembamba

Biashara ilipofunguliwa na viwanda vya minofu ya sangara vikaanza kuota kandokando ya ziwa, Mwanza nzima ilitaka Kiingereza. Makarani walikitaka, wapima mizani walikitaka, hata walinzi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara ulikuwa hautoshi. Nikapanga chumba Kirumba, nikanunua ubao, nikaanza tuisheni ya jioni kwa watu wazima.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kupeleka minofu Nairobi. Alikuwa akilala Sirari, mpakani, akienda na akirudi. Miaka ile mke wa dereva wa masafa marefu alionewa huruma hata kabla hajaugua mtu nyumbani kwake.

Alianza kupungua wakati wa mvua za vuli. Kwanza niliona mkanda: alichukua msumari akautoboa tundu jipya, baadaye lingine. Halafu majirani wakaona kamba ya nguo. Suruali zake nilizoanika zilikuwa zimepunguzwa kiunoni kwa sindano yangu mwenyewe, na mwanamke wa nyumba ya pili alisimama akaziangalia kama anayechagua mtumba.

"Mama Mwalimu, shemeji amepungua, eh?"

"Safari nyingi tu," nikasema.

"Ndiyo. Safari."

Jinsi alivyolitamka hilo neno la mwisho, nililala nalo. Nikaanza kusikiliza watu wanavyosema. Aliyekupenda alisema "amepungua." Asiyejali alisema "amekonda." Wakiwa kisimani na wewe hujafika, walisema "amekwisha." Ukitokea, wanaulizana bei ya dagaa.

Katikati ya hayo, zamu ya somo langu ikafika kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana zinazokaribiana. Nilikuwa nimelipanga siku nyingi nyuma na sikufikiria kulibadilisha. Nikaandika *thin* ubaoni, chini yake *slim*, *slender*, *lean*, *skinny*.

"Haya yote ni 'embamba'," nikawaambia, "lakini kila moja lina mahali pake. La kwanza halina upande; ni la mtu, la kamba, hata la karatasi. *Slim* ni la kusifia, kama dada aliyependeza na gauni lake. *Slender* ni la vidole na shingo, mtalikuta zaidi vitabuni. *Lean* ni la nyama isiyo na mafuta, au mwili uliokazana. *Skinny* usimwambie mtu kama unataka kesho akuitikie salamu."

Walicheka, isipokuwa mpima mizani mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Bukoba, aliyekaa mbele siku zote.

"Mwalimu, hilo la pili sisi tunalijua zamani," alisema. "Lilikuja kutoka Uganda. Kwetu ugonjwa wa kukonda tunauita silimu. Lilianza na mjomba wangu, likafuata kwa mke wake. Sasa wewe unasema ni la kumsifia dada."

Hakuna aliyenitazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wanajua habari za mume wangu. Au nilidhani najua. Nilifuta ubao nikawaruhusu mapema.

Nilimkuta nyumbani ameshika jagi la maji. Alilimaliza bila kupumua.

"Kiu gani hiyo?"

"Joto la injini," akasema, akatoka kwenda chooni.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake. Kulikuwa na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Aliporudi nikamwonyesha.

"Dawa za minyoo. Nimenunua Tarime."

"Kwa nini umezificha?"

"Kwa nini umenipekua?"

Kumbe na yeye alikuwa na shuku yake. Jioni iliyofuata, nikiwa nafundisha, nilimwona nje ya dirisha amesimama, anaangalia ndani. Tulipokaa kula akauliza, "Yule mzee wa mbele, kila siku anakaa hapohapo?"

"Anasikia vibaya."

"Mh."

Tukaishi hivyo, kila mmoja akimnusa mwenzake. Nilikuwa nakagua mashati yake, naye alikuwa anauliza nimechelewa wapi. Lakini Jumapili moja, watoto wakiwa kanisani, alisukuma sahani ya ugali akasema polepole, "Mama watoto, barabara inaniingia ukungu hata jua likiwaka. Juzi nusura nigonge ng'ombe."

Hasira yangu iliisha palepale. "Twende tukapime."

"Kupima nini?"

"Unajua."

"Tuingie wote wawili," akasema.

Daktari alikuwa mzee mtulivu. Sikumwambia hofu yangu, nilisema tu, "Amepungua, daktari." Akamwuliza mume wangu habari za kiu, za kukojoa, za macho. Kisha akanigeukia.

"Mama, mnapokojoa nyumbani, sisimizi hawajai?"

Walikuwa wamejaa. Nilikuwa nawamwagia majivu kila asubuhi, nikidhani wanafuata mabaki ya uji wa watoto.

Ilikuwa kisukari. Damu zetu zilipimwa pia kwa kile tulichokuwa tunakiogopa, na siku za kusubiri majibu tulikula bila kutazamana. Yakarudi salama, yangu na yake. Tulipotoka kwenye lango la hospitali alisimama.

"Ulinishuku?"

"Ndiyo. Na wewe?"

"Nilikushuku." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Tena sana."

Nilidhani yameisha. Nikamwambia jirani wa nyumba ya pili kwamba ni sukari, akanishika mkono. "Pole, mama. Siku hizi wote wanasema sukari." Mume wangu alipoanza kurudisha mwili kidogo kwa vidonge, wakasema amepata dawa za Ulaya. Wanafunzi kadhaa waliacha tuisheni bila kuaga. Yule mzee wa Bukoba alibaki. Siku moja alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi, akampa mume wangu mkononi, wakakaa wakaongea habari za mizani hadi jua likazama.

Tajiri mwenye lori alimnyang'anya usukani, akampa kazi ya kusimamia barafu katika soko la samaki la Mwaloni. Mwaka uliofuata tulihamia Igoma, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona akiwa mnene. Jirani mpya alikuja kutukaribisha, akamtazama mume wangu akibeba kitanda.

"Baba huyu ni mwembamba wa kuzaliwa, eh?"

"Wa kuzaliwa," nikajibu.

Alitabasamu tu, akatuonyesha bomba la maji lilipo. Nikamchunguza usoni alipokuwa akiongea. Sikuona kitu, na bado niliendelea kumchunguza.