Kibendera Kimoja cha Kerubo

Mashabiki wa Wazamiaji walikuwa na desturi yao, na usiicheke kabla hujaielewa. Kila mwaka ambao timu ilikosa kombe ulikuwa na mwenyewe. Yule wa kwanza kusimulia jinsi kombe lilivyoponyoka, siku ileile, chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa, ndiye aliyekabidhiwa mwaka huo. Kuanzia hapo, ukitaka kuusikia unamwomba yeye. Anasimama na kikombe chake mkononi, anasimulia, na hakuna ruhusa ya kumkatiza hata akitia chumvi gunia zima.

Wazamiaji wenyewe walikuwa Waaustralia waliofanya kazi Doha, mainjinia na walimu na marubani, wakicheza ile kandanda ya kwao ambayo mtu anaruhusiwa kuushika mpira, kukimbia nao na kumparamia mwenzake begani. Mpira una umbo la yai. Golini kuna milingoti minne isiyo na mwamba wa juu. Ukiupiga katikati ya ile miwili mirefu, pointi sita. Ukipita pembeni, pointi moja. Na ukigonga mlingoti mrefu, hata kwa kuukwaruza tu, ni pointi moja vilevile, na hilo la mwisho liweke akilini.

Mashabiki walikuwa watu wetu. Masoja wa kulinda mageti, madereva, wapishi wa hoteli, akina dada wa kulea watoto, Wakenya na Waganda na Watanzania. Walianza kuja kwa sababu geti la ule uwanja wa Abu Hamour lilikuwa wazi siku za Ijumaa na palikuwa na kivuli cha kontena. Mapenzi yalikuja baadaye, kama yanavyokuja, na yalipokuja hayakuuliza mtu ametoka wapi.

Kerubo alikuwa soja wa geti hilo tangu mwaka 2007, mama wa watoto wawili walioachwa kwa dada yake kule Nyamira, mfupi, mwenye macho yasiyopepesa. Mwaka 2009 mtu aliyetakiwa kusimama golini kupunga vibendera hakutokea. Mchezo huu una refa wa uwanjani, na una mwamuzi mwingine anayesimama nyuma ya goli, katikati ya ile milingoti mirefu, kazi yake kuangalia mpira umepita wapi. Goli, vibendera viwili. Pointi moja, kibendera kimoja. Kocha akatazama huku na huku, akamwona Kerubo amesimama wima kama alivyozoea kusimama saa kumi na mbili kwa siku, akamwuliza kama ataweza. Kerubo akajibu kwamba kuangalia kitu kimepita wapi ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo.

Mwamuzi wa golini huvaa koti jeupe, na koti halikuwepo. Shabani, mpishi wa hoteli, Mtanga mwenye maneno mengi, alikuwa na koti lake la jikoni kwenye mfuko. Kerubo akalivaa, lina harufu ya vitunguu, mikono imempita vidole. Tangu siku hiyo likawa lake. Kila Ijumaa aliyopata mtu wa kumshikia geti alikuwa golini na koti la mpishi, na Shabani akamwambia, "Dada, hilo koti sasa lina cheo kunishinda mimi."

Sasa tuje kwenye miaka, ile iliyosimuliwa sana. Wa 2008 ulikuwa wa Shabani. Ulikuwa mwaka wa mpira kudunda vibaya: mchezaji wetu yuko peke yake, goli tupu, anauacha mpira udunde mara moja tu aumalizie, na lile yai likamkata kona likaenda zake pembeni. Shabani aliusimulia kwa mwili mzima, yeye ndiye mchezaji na yeye ndiye mpira. Wa 2010 ulikuwa wa Hannah, Mganda aliyelea watoto kule Al Wakrah. Huo ulikuwa wa kijana mwenye mbio aliyesahau kuudundisha mpira chini kama sheria inavyomtaka mtu anayekimbia nao, akakimbia uwanja nusu huku anashangiliwa, kumbe refa alishapuliza zamani. Hannah alifika mahali pa kijana kuruka kwa furaha akanyamaza kabisa, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Wa 2012 ulikuwa wa Douglas, na hapo ndipo roho ya Kerubo ilipochomwa mwiba.

Mwaka ule fainali ilikuwa dhidi ya timu ya Dubai, hapohapo Abu Hamour. Wazamiaji walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Mchezaji tuliyemwita Mrefu aliudaka mpira kabla ya king'ora cha kumaliza mechi, na sheria inasema aliyeudaka kwa wakati anapewa teke lake hata king'ora kikishalia. Upepo ulikuwa umeleta vumbi. Mrefu akapiga. Mpira ukaja juu, ukapinda kidogo, ukapita ndani. Mashabiki wakaruka. Kerubo, aliyekuwa chini ya mlingoti wa kulia ameinua uso, akanyoosha kidole kimoja na kupunga kibendera kimoja. Uligonga, Kerubo alimwambia refa alipomfuata, umeukwaruza mlingoti. Wakapoteza kombe kwa pointi moja.

Kosa lake lilikuja baada ya hapo. Alivikunja vibendera, akavua koti, akarudi getini kumalizia shifti, kimya, kwa sababu alijua alichokiona na hakuona la kueleza. Huku kontenani chai ilishamiminwa. Douglas, dereva wa basi la shule, mtu mwema kabisa, mtani, mkono wazi, alisimama akasimulia. Akasema mpira ulipita safi. Akasema vumbi lilipokuja Kerubo alifumba macho, na alipoyafumbua akabahatisha. Yeye Douglas alikuwa upande wa pili wa uwanja, jirani na chupa ya chai, lakini alikuwa wa kwanza kusimulia. Mwaka ukawa wake.

Miaka minne. Kila mgeni akiletwa kontenani, miaka ilisimuliwa kwa zamu, na ikifika 2012 Douglas alisimama, akafumba macho kama Kerubo, akapapasa hewa, akapunga kibendera kwa kubahatisha. Watu walicheka na Kerubo alikuwa amekaa hapohapo. Hakukasirikia kicheko. Kilichomkera ni kwamba ile desturi ilimfunga mdomo. Mwaka si wake, hana ruhusa ya kuukatiza.

"Si unamwambia tu aache?" Hannah alimwuliza siku moja.

"Nimwambie kwa mwaka wa nani?" Kerubo akajibu. "Nilinyamaza mwenyewe. Lakini macho yangu hayakufumbwa, Hannah. Mimi siku ile nilikuwa nimelinda geti miaka mitano, nikipepesa tu mtu ameshaingia."

Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa na hasira, ambayo ni kitu kingine. Kila jioni akitembea kwenda kwenye basi la kampuni alikuwa akiupanga mwaka wake kichwani, sentensi kwa sentensi, jinsi atakavyousimulia siku atakayoupata: rangi ya anga, upepo, alivyosimama, sauti. Ilikuwa hotuba ndefu na nzuri sana.

Ikafika fainali ya 2016, dhidi ya walewale wa Dubai, uwanja uleule. Kila timu hutoa mwamuzi mmoja wa golini. Asubuhi meneja wa Wazamiaji alimjia Kerubo akiwa na uso wa mtu aliyemeza kitu kikubwa. Alikuwa mgeni wa mwaka juzi. 2012 aliusikia kwa Douglas tu. Akasema kamati imeonelea, kwa leo, asimame mtu mwingine, Mwaustralia mmoja aliyewahi kufanya kazi hiyo kwao.

"Kwa sababu gani?" Kerubo akauliza, ingawa alijua.

"Ni fainali," meneja akasema. "Watu wana wasiwasi kidogo."

Kerubo akalikunja koti la mpishi, akaliweka mezani mbele yake. Hakulia, hakubembeleza. Alisema tu, "Mimi niko getini, mkinihitaji."

Haikupita nusu saa nahodha wa Dubai, jamaa wa nywele nyekundu aliyekuwepo 2012, akaja kwenye meza ya meneja kukagua majina. Akauliza yuko wapi yule mama wa koti kubwa. Meneja akaeleza. Jamaa akatikisa kichwa. Alisema goli lile wanamtaka yule mama, na kama si yeye basi waketi kwanza wajadiliane, maana wao hawamjui huyo mwingine. Ulishaona wapi wageni wanang'ang'ania mwamuzi wa mwenyeji wao? Akatumwa mtu getini mbio, na Kerubo akarudi, akavaa koti lake, akakunja mikono mara tatu kama kawaida.

Mashabiki walipomwona anaelekea golini kulikuwa na kunung'unika. Douglas aliweka mikono kichwani. "Haya bana," akasema, "tuombe Mungu vumbi lisije."

Mechi sitaisimulia yote, ilikuwa vuta nikuvute tangu mwanzo. Ngoja nikupeleke dakika ya mwisho. Wazamiaji wako nyuma kwa pointi nne. Mpira umepigwa mbele, umemponyoka kila mtu, kijana wetu mmoja akauwahi kwa ncha ya kiatu na ukaanza kujidundia wenyewe kuelekea golini, huku, kule, kama ulivyofanya 2008, na Shabani akafunika uso na kofia yake. Beki wa Dubai akajitupa mzimamzima, mkono mbele. Akiugusa kabla haujavuka mstari, ni pointi moja na kombe limekwenda. King'ora kikalia. Mpira ulikuwa nyuma ya mstari, beki amelala kifudifudi, na wachezaji wa Dubai wote wameinua mikono wakidai umeguswa.

Uwanja mzima ukamgeukia mwanamke mmoja mfupi mwenye koti la mpishi.

Kerubo alijua vizuri wanachowaza. Akipunga kimoja, watasema vumbi tena, na asirudi golini maisha. Akipunga viwili, watasema amelipa deni la 2012. Vyote viwili vilimpitia kichwani na vyote viwili akaviacha vipite. Alikuwa ameuona ule mkono. Alikuwa ameinama, uso wake hatua mbili kutoka kwenye vidole vya beki, na kati ya vidole na mpira palikuwa na nafasi ya kupitisha kisanduku cha kiberiti. Refa akamwuliza kama ameona. Akasema ameona. Akanyoosha vidole viwili, akaokota vibendera vyote viwili, akavipunga bila haraka.

Wachezaji watatu wa Dubai wakamjia kwa kasi. Kabla hawajafika, nahodha wao mwenye nywele nyekundu akakatiza mbele, akawazuia kwa mkono. Hakupaza sauti, lakini mashabiki walikuwa wameshasogea mpaka nyuma ya goli, na Douglas alikuwa mbele kabisa.

"Mwacheni," alisema. "Huyu mwaka 2012 alitupatia kombe mbele ya watu wake wote, na hakuna mmoja wetu aliyejua kama uligonga. Akisema goli, ni goli."

Kisha akamwinua beki wake kutoka chini, akaenda kumpa mkono nahodha wetu. Wazamiaji walikuwa wamechukua kombe, kwa pointi mbili.

Sitakudanganya, kelele zilikuwa kubwa. Hannah alilia waziwazi. Shabani alimkumbatia kila aliyepita, pamoja na mtu mmoja aliyekuja tu kuchukua takataka. Lakini chai ilipomiminwa kontenani, kukawa na jambo la kutatanisha kidogo, kwamba mwaka wa ushindi haukuhitaji mwenyewe. Kila mtu aliusimulia kwa pamoja na hakuna aliyesikilizwa.

Palikuwa na dereva mpya, Dedan, kijana wa Embu, siku yake ya kwanza uwanjani. Yeye ndiye aliyeuliza. "Sasa huyu Mdubai alikuwa anasema 2012 kulikuwa na nini?"

Kelele zikapungua. Shabani akasema mambo yaende kwa utaratibu, akasimama akausimulia 2008, mpira na mchezaji. Hannah akausimulia 2010, akanyamaza palepale pa kunyamaza. Kisha wote wakamtazama Douglas.

Douglas akasimama na kikombe chake. Alifumba macho kama alivyozoea kuanza. Akayafumbua. Akatazama ndani ya kikombe, akamtazama Kerubo, na ule utani wake wote ukawa umemtoka usoni.

"Huu mwaka mimi nilikuwa nimeushikia tu," akasema. "Na niliushika vibaya. Mwenyewe yule pale." Akaketi.

Haijawahi kutokea mtu kuuacha mwaka wake. Hakuna aliyejua sheria inasemaje. Kerubo akasimama. Alikuwa bado na koti la Shabani, mikono imekunjwa mara tatu. Ile hotuba ya miaka minne, rangi ya anga na upepo na kila kitu, alikuwa nayo yote kichwani, mstari kwa mstari. Akamtazama Dedan.

"Mpira uligonga mlingoti wa kulia," akasema. "Niliuona, na niliusikia."

Akangoja kama kuna wa kumkatiza. Hakuna aliyemkatiza. Akaketi, akamnyooshea Douglas kikombe chake, na Douglas akammiminia chai.